Mkunga wa Chumba cha Kufulia

9 Januari

Shangazi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua ukisoma umesimama unaruka mistari. Mimi mzima. Kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha, baridi bado imening'ang'ania. Nisalimie kaka, na muulize maji ya jikoni kwako yamefika wapi. Fundi bomba mzima, anaunganisha maji kwenye maghorofa ya watu, na shangazi yake mwaka wa pili huu anabeba ndoo!

Barua yako niliipata. Umeniagiza kila nikitoka kazini niandike mambo matatu ya kumshukuru Mungu, kwa kalamu, siyo kichwani. Nimejaribu. Nakunakilia ya Jumanne usije ukasema nimepuuza: "Kwanza, mashine namba nne haikuvuja. Pili, ilivuja lakini si upande wangu. Tatu, Jumanne imeisha." Sijaandika tena. Nikiendelea hivyo nitakuwa namkejeli Mungu, na sitaki ugomvi na watu wawili kwa mpigo.

Wewe unadhani nafanya kazi hospitalini. Ni kweli, ila hospitali yenyewe iko juu na mimi niko chini. Chumba cha kufulia hakina dirisha. Mashuka yanateremshwa kwa toroli, yale ya wodi ya wazazi yana uzi wa kijani pembeni, na nikiyafungua nayasoma kama gazeti: huyu alijifungua salama, huyu alivuja damu kupita kiasi, huyu walimchelewesha. Miaka kumi na minane nimezalisha wanawake, Shangazi. Sasa nakunja. Msimamizi wetu, mama mmoja mpole, jana alinisifu mbele ya wenzangu kwamba nalaza pembe vizuri. Pembe za mashuka!

Sasa jambo lenyewe. Baraza la wakunga la huku halitaki cheti changu. Linataka kumbukumbu za masomo yangu zitumwe na chuo chenyewe, ndani ya bahasha iliyofungwa, na muhuri ukanyage pale bahasha inapofungukia. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Ikipita, naanza upya, na kuanza upya huku ni miaka miwili. Nimewaandikia chuo mara tatu kwa kompyuta, kimya. Wewe umepiga chapa mahakamani miaka thelathini, makarani unawajua. Nenda tafadhali.

Mtoto wa kaka yako, aliyechoka kwenye magoti,
Chiriku


4 Februari

Chiriku,

Marahaba. Nimesoma nimeketi, mara mbili.

Sisi tu wazima. Kaka yako amenunua bomba. Ameliegemeza ukutani, na kila asubuhi tunalisalimia. Sikio langu la kushoto limestaafu kabisa, kwa hiyo usipige tena simu kwa jirani. Mara ya mwisho nilielewa kwamba umeolewa, nikatangaza kanisani, na kukanusha kumenichukua wiki mbili.

Kuhusu ile orodha yako: huo ni utundu, tena utundu wa mtoto wa darasa la nne. Nilisema mambo matatu ya kweli. Una miguu miwili. Una kazi. Una paa. Kuna mtu aliyekusifu mbele ya watu, na wewe umeandika sifa hiyo kana kwamba ni tusi. Mwanangu, moyo ukikunjwa muda mrefu unabaki na mikunjo, na huko ulipo hakuna wa kukunyoosha ila wewe na Mungu wako. Kwa hiyo utaandika. Nimekuwekea karatasi tano nilizozipigia mistari mwenyewe kwa rula. Nimekuandikia pia sala fupi upande wa nyuma wa kila karatasi, usije ukasema umesahau.

(Hapa zilifuata kurasa nne nyingine za mambo hayohayo, Chiriku alizihesabu, kama utakavyoona.)

Kuhusu chuo: nimefika. Wanashughulikia.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Namba nne imekufa rasmi, imeletwa mpya inayopiga kelele kama trekta. Nimehamia chumba kingine, nakaa na dada mmoja anayefanya kazi ya kuoka mikate. Anaondoka nikiamka, kwa hiyo tunaelewana sana.

Nimezihesabu. Kurasa tano za kunifundisha kushukuru, na mstari mmoja juu ya chuo. Mstari wenyewe una maneno mawili: "Nimefika. Wanashughulikia." Nani anashughulikia? Umeonana na nani? Wamekupa tarehe? Faili wameliona? Wewe uliyekuwa ukinipiga kwenzi nikisahau kuandika tarehe juu ya barua, leo unaniletea "wanashughulikia"?

Nisamehe, lakini nimechoka kushukuru kwa maagizo. Hapa kazini kuna mwanamke wa kanisa la karibu anayeniambia kila siku kwamba Mungu ana mpango na mimi. Juzi nilimwuliza kama mpango huo una tarehe ya mwisho, maana wangu unayo. Hakunisemesha hadi jioni. Nikapumzika.

Nitakwambia ukweli. Ni rahisi kumwambia mtu ashukuru ukiwa umekaa kwenye kiti chako, nyumbani kwako, unasikia lugha yako dirishani. Mimi nikisema neno moja vibaya dukani naambiwa nirudie mara tatu, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Nataka bahasha, Shangazi. Bahasha na muhuri. Sala ninazo.

Chiriku


25 Machi

Chiriku,

Marahaba.

Kaka yako hajambo. Bomba lipo.

Kiti unachokisema sijakikalia sana siku hizi. Miguu imevimba kidogo kwa ajili ya kutembea, naiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Si jambo.

Suala lako bado linashughulikiwa. Nikiwa na la kusema nitasema.

Sala utakuwa unazo, sijakataa. Nilidhani ungependa na za mtu mwingine.

Shangazi yako


20 Mei

Mwanangu Chiriku,

Leo naanza bila salamu za kaka yako, naye ataniwia radhi.

Tangu barua yako ya Machi sijapata nyingine. Nimekuandikia Aprili, kimya. Nimekuandikia tena mwanzoni mwa Mei, kimya. Nilikwenda kwa jirani, nikapiga simu, nikamshikisha yeye sikioni anisikilizie. Alisema inaita tu. Kama ni hasira, endelea nayo, ila iandike. Kama ni ugonjwa, mwambie huyo dada wa mikate aandike hata maneno mawili. Usiniache nikikaa na mawazo yangu, siyapendi.

Na kwa kuwa huenda umenyamaza kwa sababu mimi nilinyamaza kwanza, nakwambia sasa.

Faili lako halipo. Chuo kilihamia majengo mapya, na mafaili ya zamani waliyarundika kwenye chumba ambacho paa lake lilivuja masika mawili. Nilikwenda mara ya kwanza mwisho wa Januari. Karani wa masjala alinifungulia chumba, nikakuta mafaili ya miaka minane yameshikana, ukivuta moja linakuja rundo zima limeoza. Mwaka wako haukuwemo hata kwenye uozo. Karani akaangalia kompyuta yake, akaniambia, "Mama, kwa kumbukumbu zetu, huyu mtu hakusoma hapa."

Nikamwambia, "Kwa kumbukumbu zangu, nilimleta mwenyewe, godoro kichwani, na mlinzi wenu akakataa godoro lisiingie."

Akasema, "Hilo la godoro halisaidii."

Nikawa naenda kila Jumanne. Wananituma dirisha la pili, la pili linanirudisha la kwanza, la kwanza linakwenda kunywa chai. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia nini? Kwamba umekaa chini ya hospitali ya watu, na nyumbani hujawahi kuwa mkunga?

Jumanne ya tisa nilikaa kwenye benchi la pale korido, miguu inaniwaka, na nikamwambia Mungu, kwa sauti maana sisikii ukubwa wa sauti yangu: "Leo usitegemee chochote kutoka kwangu." Watu wawili waligeuka. Nilirudi nyumbani, sikuandika chochote. Kwa hiyo ujue. Kurasa zile nyingi sikuwa nakuandikia wewe peke yako. Nilikuwa najisukuma mwenyewe, na wewe ndiye uliyekuwa karibu kwa kalamu.

Lakini mwanamke mmoja wa chai, anayewapikia makarani, alinisikia. Akanifuata nje. Akanieleza anapoishi mwalimu mkuu wa zamani wa chuo, yule aliyewafundisha. Ni safari ya nusu siku kwa basi. Nikaenda. Amezeeka, anatembea na fimbo, ila akili iko wima. Alikuwa na tabia ya kuandika daftari lake mwenyewe kwa kila darasa, kwa sababu hakuwaamini masjala hata enzi hizo. Alifungua sanduku, akatoa daftari la mwaka wenu. Wewe uko ukurasa wa thelathini na moja. Kozi zako zote, alama zako zote. Ulizalisha akina mama arobaini na watatu ukiwa mwanafunzi, kila mmoja na tarehe yake. Pembeni ameandika kwa penseli: "Anaongea mno. Mikono mizuri."

Nilisoma hapo nikashindwa kuendelea, akanipa maji.

Amekubali kula kiapo mbele ya hakimu, Alhamisi. Hati ya kiapo nitaipiga chapa mwenyewe, sitaki makosa. Kisha naibeba na daftari hadi kwa mkuu wa chuo wa sasa, na sitaondoka mlangoni pake hadi muhuri ugonge. Nimekwishamwarifu kaka yako aniletee chakula huko.

Andika.

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi yangu, shikamoo, tena shikamoo.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma nimekaa sakafuni. Mimi si mgonjwa. Barua zako zote tatu ninazo, nilishindwa kujibu kwa sababu kila nikianza nakuta nadanganya.

Tarehe 14 Aprili, saa tano asubuhi, nilikuwa nasukuma toroli kwenye korido ya chini. Lifti ikafunguka, ndani kuna mwanamke peke yake, ameshika ukuta. Alikuwa ameingia kwa mlango usio wake, akabonyeza kitufe kisicho chake. Alinitazama mara moja tu, nikajua. Ile sura haihitaji lugha. Tulifika hatua nne nje ya lifti, mlangoni pa chumba chetu, akapiga magoti.

Sheria ya pale inasema mfuaji akiona mgonjwa ameanguka, abonyeze kengele nyekundu asimame pembeni. Nilibonyeza kengele kwa kiwiko. Kusimama pembeni sikuweza, Shangazi. Kichwa kilikuwa kimeshaonekana.

Nilivuta mashuka safi kwenye toroli nikatandika. Nikanawa kwenye sinki la mashine. Nikamwambia, kwa Kiswahili, maana lugha yao ilinikimbia yote, "Taratibu mama, usisukume, pumua, pumua hivi." Akapumua hivyo. Kichwa kilipotoka nikapeleka kidole shingoni, nikakuta kitovu kimezunguka, si mara moja, mara mbili, kimekaza. Nikaulegeza mzunguko mmoja nikaupitisha juu ya kichwa, nikasubiri, nikaulegeza wa pili. Mtoto akateleza mikononi mwangu, wa bluu, hana habari. Nikamfunika kwa taulo lililotoka sasa hivi kwenye mashine ya kukaushia, bado la moto, nikamsugua mgongo, nikamsugua, nikamwambia, "Wewe, watu wanakusubiri." Akakunja uso kama mtu aliyeudhiwa, akalia. Mama yake akalia. Msimamizi wangu, yule wa pembe, alikuwa amesimama nyuma yangu na taulo la pili, analia pia. Timu ya juu ilipofika kondo la nyuma lilikuwa linatoka.

Kesho yake walinisimamisha kazi.

Wiki tatu nilikaa chumbani nikisubiri kuitwa kwenye kikao. Nilikuwa naangalia simu ikiita, nikiona namba ya jirani yako, nashindwa kuinua mkono. Ningekuambia nini? Kwamba nimefukuzwa hata kwenye mashuka? Kikao kilikuwa na watu wanne. Mwenyekiti akaniuliza, "Wewe ni nani hapa?" Nikasema mfuaji. Akasema mfuaji haruhusiwi kugusa mgonjwa. Nikasema, "Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajifungua." Akaandika hilo, na nikaona hakuliandika kwa uzuri.

Mwishoni kabisa akazungumza mkuu wa wakunga, mwanamke mrefu. Aliuliza jambo moja. "Kitovu ulikikuta kimezunguka mara ngapi?" Nikamweleza, na jinsi nilivyokitoa. Akaitikia kwa kichwa, akaandika, akafunga daftari. Nilidhani amenitetea. Wiki iliyofuata nikapewa barua ya onyo na kurudishwa chini. Nakunja.

Ulitaka ukweli, huu hapa. Tangu siku ya kikao sijamsemesha Mungu. Sikumtukana, sikupiga kelele, nilinyamaza tu, kama unavyomnyamazia mtu wa nyumba moja. Alinipa mtoto yule mikononi, nikafanya nilichofundishwa, na malipo yake yakawa onyo lenye namba ya kumbukumbu. Sijui pa kuanzia naye.

Lakini "mikono mizuri" nimeikata kwenye barua yako, nimeibandika juu ya kitanda. Ya "anaongea mno" nimeiacha.

Mwalimu yule mpe shikamoo yangu. Na miguu yako, Shangazi. Uliandika "si jambo." Mimi ni mkunga, miguu iliyovimba naijua. Nenda zahanati. Usiniambie inashughulikiwa.

Chiriku


27 Juni

Chiriku,

Marahaba mbili, umezilipia.

Bahasha iliwasili kwa Baraza tarehe 24. Nina karatasi ya wasafirishaji yenye saini ya aliyepokea. Mkuu wa chuo aligonga muhuri upande mmoja tu, nikamwomba agonge na wa pili. Akasema mmoja unatosha. Nikakaa. Akagonga wa pili.

Nimesoma habari ya korido. Nimemsomea kaka yako, akatoka nje akarudi na bomba, akaanza kazi saa hiyohiyo. Maji yanatoka. Machafu kidogo, ila yanatoka.

Kikao kile nimekikasirikia. Nimekipigia chapa barua kali ya kurasa mbili, kisha nikaiweka kabatini kwa kuwa sijui anwani na lugha yao siijui. Kuiandika kumenisaidia.

Kuhusu kunyamaziana kwako na Mungu, sitakuhubiria. Najua ulishajiandaa. Mimi mwenyewe baada ya ile Jumanne nilikaa siku kumi na moja. Kilichonirudisha si wema wangu, ni yule mwanamke wa chai. Sikujua nimshukuru nani mwingine kwa ajili yake. Usiombe kama huna la kusema. Nitaomba kwa ajili yetu sote wawili, nimestaafu, nina nafasi.

Zahanati nimekwenda. Ni shinikizo la damu. Nimepewa vidonge na nimekatazwa chumvi, hata ile ya beseni nimeionea aibu.

Shangazi yako


17 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Natumaini vidonge unavimeza, siyo kuvihesabu tu. Mwambie kaka nimefurahi kuhusu maji, na kwamba dada wa mikate anauliza kama ameoa. Nimemjibu kwamba bomba moja limemchukua miaka miwili, apige hesabu mwenyewe.

Baraza limejibu mwezi uliopita. Sikukuandikia hapohapo kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nimejifunza kwako kuweka barua kabatini. Wamekubali daftari. Wamekubali kiapo na mihuri yako yote miwili. Ila wanasema lazima nifanye miezi sita chini ya uangalizi kabla hawajaniandikisha. Miezi sita! Nina miaka arobaini na moja. Nimevaa beji shingoni iliyoandikwa "Mwanafunzi." Anayenisimamia ana miaka ishirini na sita, na siku ya kwanza alinifundisha kunawa mikono, hatua kwa hatua, akinionyesha dole gumba. Nikamwitikia kila hatua. Ulimi niliuuma hadi leo una alama.

Aliyeniombea nafasi hiyo ni yule mkuu wa wakunga. Kumbe aliyoandika kwenye daftari lake siku ya kikao aliyapeleka Baraza mwenyewe, kabla bahasha yako haijafika. Hakuniambia. Nilipomwuliza kwa nini aliniacha nipewe onyo, alisema, "Sheria uliivunja. Na kazi uliiweza. Niliandika yote mawili." Bado sijaamua kama nampenda.

Jana nilipewa zamu ya leba. Mama mmoja, mimba ya kwanza, saa kumi na mbili za uchungu, alikuwa amekata tamaa na kuanza kumtukana mume wake ambaye hata hakuwepo. Msimamizi wangu mdogo akaniangalia, akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Endelea wewe." Nikaendelea. Saa nane na robo mchana akatoka msichana, kilo tatu na gramu mia mbili, amekasirika, mzima. Kisha nikaletewa fomu. Kuna mstari unaouliza aliyezalisha ni nani. Nikaandika jina langu. Herufi zilicheza kidogo, wewe ungeniambia nirudie.

Nilipokwenda kubadilisha nguo nilikaa pale kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nikasikia nasema asante. Kwa sauti, Shangazi, kama wewe. Nikarudia. Mwanafunzi mwenzangu, binti wa miaka ishirini, alikuwa anafunga kabati lake. Akageuka, akaniuliza ninaongea na nani.

Nikamwambia, "Na mtu wangu. Tulikuwa tumenuniana."

Chiriku